Viatu Yangu

Ijumaa, 2 Agosti

Shule imefungwa saa sita mchana. Wanafunzi walishatoka getini kabla kengele haijamaliza kulia, na mimi nikabaki ofisini na insha arobaini kuhusu umuhimu wa usafi, zote zikianza na sentensi ileile. Miaka kumi na sita sasa nafundisha Kiswahili. Ualimu niliuingia kwa muda tu, mpaka nyimbo zangu zipate wa kuzisikiliza. Muda wenyewe haujaisha hadi leo.

Nikapitia studio. Ni chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, kuta zimebandikwa trei za mayai, na mwenye nacho tunamwita Bwana Nyaya kwa sababu huwezi kumfikia bila kuruka nyaya zake. Huwa naitikia pale katika nyimbo za watu wengine, mimi na binti mmoja anayeitwa Chiriku. Jina hilo amelipata kihalali. Tangu nimfahamu hajawahi kunywa chai ikiwa ya moto, maana mdomo wake una kazi nyingine.

Bwana Nyaya akanivuta pembeni.

"Mwalimu, redio wanataka wimbo wa likizo. Uchangamke. Uwe wa ujingaujinga hivi."

"Mimi ujinga situngi."

"Ndiyo maana nimekufuata wewe. Wengine wanautunga bila kujua."

Nikimtungia huo, atanirekodia "Dirisha la Mashariki" kwa ala zote na kuupeleka redio mwenyewe. "Dirisha" nimeuandika miaka minne. Una beti tisa, vina vya kati na vya mwisho, hakuna hata kimoja kilicholegea. Nataka uwafikie watu wote, lakini kusema kweli nataka umfikie mtu mmoja: Bibi Tarumbeta, mwenye bendi kubwa kuliko zote, ambaye picha yake niliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bweni nikiwa na miaka kumi na minne. Akiusikia huo, ualimu basi.

Nimekubali. Mdomoni nina ladha ya dawa ya minyoo.

Jumamosi, 3 Agosti

Manyunyu tangu asubuhi. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeutunga. Umenichukua dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa namshikia Mama utepe wa kupimia mteja. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na Mjomba, kaka yake, anakaa kwenye kiti cha dirishani na redio yake mapajani tangu alipostaafu posta. Katikati ya cherehani na redio ndipo ninapotungia nyimbo. Huu haukustahili mahali bora zaidi.

Kiitikio nakiandika hapa ili siku nikijisifu nikisome nishuke:

*Tumefunga, tumefunga,*
*kengele nayo ilale!*
*Tumefunga, tumefunga,*
*wenye kununa wakae kule!*

Halafu unafuata ubeti wa mtoto anayetaja mali yake: begi langu, kalamu yangu, viatu vyangu, vyote uvunguni. Hakuna wazo. Hakuna picha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniletea kitu hiki ningemrudishia bila alama, niandike kwa wino mwekundu: *jaribu kufikiri.*

Nilipomaliza nikanawa mikono. Nasema kweli, niliinuka nikaenda kunawa.

Jumanne, 6 Agosti

Siku chafu. Bwana Nyaya alikuwa amepanga Chiriku auimbe, lakini Chiriku kaamka hana sauti, anaongea kwa kunong'ona, na hata hivyo haongei kidogo. "Imba wewe, Mwalimu," akasema Bwana Nyaya, "redio wanautaka leo."

Niliposikia ala alizoweka nikataka kurudi nyumbani. Kinanda chenye mlio wa kitoto, filimbi, na makofi ambayo si ya watu. Nikamwambia sauti yangu haitoki humu. Nina wanafunzi mia mbili, nina wakubwa zangu, na nina "Dirisha" linalokuja nyuma. Basi nikabana pua kwa vidole viwili na kuimba wimbo mzima hivyohivyo, macho nimefumba, nikikimbia ili uishe haraka.

Nikakimbia mno. "Begi langu, kalamu yangu," nikaimba, na ulimi ukateleza palepale: "viatu yangu." *Viatu yangu!* Mimi, niliyewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kosa hilohilo.

Nikasimama nikasema turudie. Wakati huohuo mvua ikashuka juu ya bati, na mvua ikiwa juu ya bati la Bwana Nyaya huwezi kurekodi chochote isipokuwa mvua.

"Njoo kesho turekebishe neno moja," akasema.

"Siingii tena humu kwa ajili ya huo wimbo. Upeleke hivyohivyo."

"Na jina la mwimbaji?"

"Langu usiliandike popote. Niapie."

Akaapa. Ni mtu wa nyaya nyingi lakini akiapa ameapa. Kwenye karatasi ya redio akaandika *Mama Likizo*. Chiriku akacheka mpaka sauti yake iliyokauka ikatoa mlio wa mlango. Anasema wimbo ni mtamu. Nilimtazama nikafikiri: huyu naye ana masikio ya kazi gani?

Jumatano, 7 Agosti

Nimelala.

Jumamosi, 10 Agosti

"Dirisha la Mashariki" umerekodiwa. Dakika nane na nusu. Niliimba kwa sauti yangu yote, pua wazi. Mpiga gitaa alipiga miayo katika ubeti wa sita, lakini ni mtu wa kupiga miayo. Bwana Nyaya akasema, "Umekamilika." Nilimuuliza kama ni mzuri, akarudia kwamba umekamilika.

Jumatatu, 12 Agosti

Redio wameupiga ule mwingine saa tatu asubuhi. Niliutambua kwa filimbi nikajifungia bafuni na kufungulia maji. Nilipotoka, Mjomba alikuwa anagonga dole gumba kwenye mkono wa kiti.

"Wameanza kutuletea uchafu gani huu?" nikasema.

"Kwani vipi? Una mdundo."

Wameupiga tena saa sita na saa tisa. "Dirisha" bado.

Jumatano, 14 Agosti

Muuza nyama anauimba huku akikata mifupa, shoka likishuka kwenye *fu* ya "tumefunga". Msusi wa mtaani kwetu anauimba. Mtu anayesoma mita za maji ameuimba mlangoni kwetu akiwa amebana pua. Wote wanabana pua! Nilichokifanya nisitambulike kimekuwa ndiyo ladha yenyewe. Nilinunua nusu kilo nikaondoka bila kumuaga muuza nyama, na mtu wa watu yule hakunikosea chochote.

Alhamisi, 15 Agosti

Mwalimu mwenzangu wa sarufi, mwenye miwani ya kamba, amenitumia ujumbe mrefu kuliko barua ya posa. Anauliza kama nimesikia "huyo mbumbumbu anayeharibu ngeli hewani mchana kweupe". Muhula ujao anataka tuutumie wimbo darasani kama mfano wa makosa. Ananiomba nikubaliane naye.

Nikajibu: *Nakubaliana nawe kabisa. Ni aibu.*

Nikakaa na simu mkononi. Nilichoandika kilikuwa kweli, na bado niliona haya kana kwamba nimesema uongo.

Jumapili, 18 Agosti

Leo nimeona mambo.

Mjomba alinilazimisha nimsindikize uwanjani, magoti yake hayapandi ngazi peke yake. Mpira siupendi. Nilichukua mwavuli na kitabu. Mvua ilitunyeshea kipindi chote cha kwanza, matope yakaruka mpaka mistari ya mbele, na mimi nikasoma ukurasa mmoja mara tano. Nyuma yangu alikaa baba mmoja mnene mwenye filimbi ya plastiki. Kila akiipuliza nilihisi mate kisogoni.

Dakika ya sabini hivi, timu ya Mjomba wakafunga. Kelele za kawaida kwanza, watu kukumbatiana, Mjomba akanikanyaga. Halafu kutoka upande wa pili wa uwanja nikasikia sauti chache, kisha nyingi, kisha zote:

*Tumefunga, tumefunga!*

Mwili ulinisisimka. Wakaifikia "wenye kununa wakae kule", na watu wote wakanyoosha mikono kuelekea kwa mashabiki wa timu nyingine, ambao kweli walikuwa wamenuna na walikuwa kule. Neno langu la kufunga shule lilikuwa limefunga bao. Sikuwa nimelifikiria. Naapa kwa lolote, sikulifikiria hata kidogo. Nafundisha maana za "funga" kila mwaka, naziandika ubaoni, funga mlango, funga mzigo, funga bao, na wala haikunipitia akilini kwamba nimeziweka zote kwenye kiitikio kimoja.

Kwa muda mfupi nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilifurahi mno. Maelfu ya watu na neno langu midomoni. Halafu yule baba wa filimbi akainama akaniimbia sikioni, amebana pua, "viatu yanguuu," pumzi yake vitunguu vitupu, na kinyaa kikanirudia. Nikafungua kitabu changu kilicholowa.

Mjomba njiani kurudi: "Aliyetunga ule ana akili."

"Ana bahati."

"Wewe mtoto, husifu mtu?"

Jumanne, 20 Agosti

Mvua. Redio mara saba. Nimehesabu.

Alhamisi, 22 Agosti

Redio wanamtafuta Mama Likizo. Kila baada ya habari wanatangaza: ajitokeze, watu wanataka kumfahamu. Bwana Nyaya alinipigia mara mbili.

"Mwalimu, nifungue kiapo."

"Wapige 'Dirisha' kwanza."

"Nimeupeleka. Wanasema ni mrefu."

"Basi na Mama Likizo ni mrefu, hawezi kupita mlangoni kwao."

Nilikata simu nikajiona nimejibu vizuri sana. Mama alikuwa anavuta uzi kwenye sindano. Alinitazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko kawaida, kisha akarudi kwenye pindo lake.

Jumatatu, 26 Agosti

Nitaandika polepole, nisijidanganye.

Nilifika studio saa nne kuitikia wimbo wa mtu. Chiriku alikuwa chini anafuata chai. Bwana Nyaya alikuwa amelala chali chini ya meza akitafuta waya uliokatika. Mlango ukagongwa na akaingia Bibi Tarumbeta.

Peke yake. Viatu vya raba, mwavuli wa buluu, mkoba wa kawaida wa kununulia mboga. Ni mfupi kuliko kwenye picha. Nilimtambua kabla hajasema, na nikasimama wima kama mwanafunzi aliyemwona mkuu wa shule akiingia. Miaka ishirini na nne nimejiandaa kwa dakika hiyo. Nina salamu niliyoitunga. Sikukumbuka hata neno moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wimbo wa kufunga umetoka hapa. Namtafuta aliyeutunga."

Kichwa cha Bwana Nyaya kikatoka chini ya meza. Alikuwa ameapa, na macho yake yalikuwa yananisukuma kwa nguvu zote.

Ningesema "ni mimi". Maneno mawili tu. Lakini nilimwona yule bibi amesimama mbele yangu, mwanamke mwenye nyimbo nilizozijua zote kwa moyo, na nikaona kwamba kitu cha kwanza atakachokijua kuhusu mimi maishani mwake kitakuwa "viatu yangu". Pua iliyobanwa. Filimbi ile. Nikaona kinyaa kimenijaa mpaka kooni, na kikasema badala yangu.

"Simjui, Bibi. Na ningemjua nisingemtaja. Ule si wimbo, ni takataka."

Bibi Tarumbeta akaweka mwavuli wake ukutani taratibu.

"Takataka?"

"Hauna wazo. Na una kosa la ngeli."

"Kosa nimelisikia," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa na duka. Kila jioni alikuwa anapiga kelele kutoka mbele, 'Tumefunga!', nami najua sasa naweza kuweka chai. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naosha vyombo, redio ikaimba neno hilo, nikaenda kuinjika birika. Miaka tisa amekufa. Nimesimama jikoni na birika mkononi, nacheka na kulia." Akapangusa mkono wa kiti akakaa. "Natafuta mtu wa kusafiri na bendi mwaka mzima kuanzia Septemba. Atunge, aimbe. Nilidhani ni huyo."

Hapo bado ningeweza kusema. Naapa bado njia ilikuwapo. Badala yake nikasema, "Bibi, nina wimbo wangu mmoja, ungeusikiliza."

Bwana Nyaya akafumba macho.

Akausikiliza "Dirisha la Mashariki". Alisikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, beti nne. Katika ubeti wa tano akageuka kutazama trei za mayai. Aliusikia mpaka mwisho, hilo namshukuru.

"Umepangwa vizuri," akasema. "Na watu waimbe wapi?"

"Ni wa kusikilizwa, Bibi."

"Aa," akasema, akainuka kufuata mwavuli wake. Aa hiyo nitakufa nayo.

Chiriku alikuwa mlangoni na vikombe vitatu. Sijui alisimama pale tangu lini. Aliweka vikombe juu ya spika, akanitazama mimi tu, akanitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akawa amenyamaza. Halafu akamgeukia Bibi Tarumbeta.

"Ni mimi, Mama. Mama Likizo ni mimi."

Akabana pua akaimba kiitikio chote, na "viatu yangu" akaisema kwa raha, akicheza mabega. Bibi Tarumbeta alicheka mpaka akajishika kiuno. Wakaondoka pamoja chini ya mwavuli ule wa buluu.

Ningepinga vipi? Ningesema, samahani, takataka ni yangu?

Chai ilibaki pale. Bwana Nyaya alikunywa kikombe chake, kisha cha Chiriku, hakunitazama. Nilimchukia Chiriku njia nzima mpaka nyumbani. Nilimwita mwizi, nikamwita kasuku wa nyimbo za watu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimemaliza matusi yake na nimeanza yangu mwenyewe.

Jumanne, 27 Agosti

Sina neno.

Ijumaa, 30 Agosti

Chiriku redioni, nusu saa nzima. Anasema aliutunga akiwa anapika. Mtangazaji akamuuliza kuhusu "viatu yangu", kama ilikuwa makusudi. "Ndiyo hivyo watu tunavyosema tukiwa na haraka," akajibu. "Nani likizo anapanga maneno?" Wote wakacheka, na Mjomba akacheka.

Mimi nilisema kwa sauti, "Muongo mkubwa."

Mama hakuinua mguu kwenye cherehani. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba si yeye. Mimi nimekuzaa, nisiijue pua yako?"

Cherehani ikaendelea. Kumbe tangu siku ile ya kwanza redioni alijua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi niseme, alidhani labda naona raha kufichama.

"Sikuwa naona raha, Mama. Nilikuwa naona kinyaa."

"Kwa nini? Wimbo wenyewe mzuri."

Mjomba alikuwa ameshusha sauti ya redio. Amenitazama mimi, amemtazama Mama, kisha polepole akanyoosha kidole kwangu. "Wewe?" Nikaingia chumbani.

Jumatatu, 2 Septemba

Chiriku amekuja. Na kitambaa chekundu kinachometameta, mita tano, eti Mama amshonee gauni la jukwaani. Mama akampokea, akamwekea kiti, akatoa utepe. Nilisimama mlangoni nikimtazama mama yangu akimpima kiuno mtu aliyebeba maisha yangu.

"Mama, unamshonea?"

"Kazi ni kazi. Ungelitaka wewe ningelikata kwa kipimo chako."

Chiriku alingoja Mama aingie ndani kutafuta uzi.

"Dada Mwalimu, nilikungoja useme. Pale mlangoni. Nilihesabu mpaka kumi kichwani."

"Ukafika kumi ukaiba."

"Nikafika kumi Bibi akainuka kuondoka! Wimbo ungeondoka naye bure, hauna mtu." Akashusha sauti. "Nilidhani nikisema mimi, wewe utaruka useme hapana. Hukuruka. Ulinitazama kama… kama umefurahi umeondolewa mzigo."

Mpaka sasa sijui kama ni uongo.

Kisha akatoa kilichomleta. Bibi Tarumbeta anataka ubeti wa tatu kabla ya Ijumaa. Chiriku amejaribu siku tatu. Alinionyesha karatasi: mistari imefutwa, imefutwa, mmoja umebaki nao ni wa kiitikio changu. "Siwezi, dada. Kuimba naweza. Niandikie, nakuomba. Wewe unaandika dakika ishirini."

Nilimfukuza. Gauni likabaki.

Jioni hiyohiyo ubeti ukaja wenyewe nikiwa nakunja nguo zenye unyevu. Mzuri, mwepesi, wa ujingaujinga. Nikajikuta nimetabasamu peke yangu, na nilipojiona kwenye kioo cha Mama nikaliacha tabasamu mara moja. Hapo nikaogopa kidogo. Nani amenifundisha kujinunia hivi?

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua imekatika. Saa tano asubuhi nimekwenda.

Bendi inafanya mazoezi kwenye ghala lililokuwa la samani, watu kumi na wawili, tarumbeta tatu, na sakafu bado ina alama za miguu ya makabati. Chiriku alikuwa mbele kwenye kipaza sauti. Aliponiona akasimama katikati ya neno. Wapigaji wakaendelea kidogo, mmoja mmoja wakaacha.

Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Bibi, wimbo ni wangu."

Bibi Tarumbeta alinionyesha kipaza sauti kwa kidevu. Chiriku akanipisha.

Nikabana pua. Nikaimba kiitikio, nikaimba begi na kalamu na viatu yangu, na kisha ubeti wa tatu ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nao. Mpiga ngoma aliingia mwenyewe katikati. Nilipomaliza, wawili watatu walipiga makofi wakamtazama Bibi, wakaacha.

"Pua ni hii," akasema Bibi Tarumbeta. "Na huyu?"

"Alisema nilipokataa kusema," nikajibu. Chiriku alikuwa analia bila sauti, wanja wa kope unashuka.

"Huyu amenidanganya na nitamalizana naye mwenyewe. Lakini na wewe ulinidanganya, Mwalimu. Tena bila faida." Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. "Nakwenda barabarani miezi kumi na moja. Kila mji watu watakuja wameshiba, wamelewa, wana watoto mabegani, wananuka jasho, wabane pua waimbe hili neno lako. Nikuweke mbele yao?"

"Ndiyo, Bibi."

"Unawapenda?"

Nikafikiria muuza nyama. Nikamfikiria yule baba wa uwanjani na pumzi zake. Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa niseme ndiyo.

"Ona," akasema, si kwa ukali. "Hata sasa mdomo umepinda."

Niliugusa kwa vidole. Ulikuwa umepinda kweli. Sikujua. Huenda ndivyo unavyokaa siku zote, mbele ya wanafunzi, mbele ya Mama, na hakuna aliyewahi kunionyesha.

"Wimbo nitaubeba," akasema. "Kuuimba ataimba huyu, yeye anaupenda, na kupenda siwezi kumfundisha mtu njiani. Haki ya mtunzi ni yako, hiyo haiguswi. Ukiwa na mwingine wa namna hii niletee. Lile dirisha lako lifunge."

Wapigaji wakacheka. Mimi pia nilicheka, sekunde moja, kisha nikahisi machozi.

Akachukua orodha ya nyimbo kutoka kwenye stendi ya noti. Mahali pa mtunzi palikuwa pameandikwa Mama Likizo. Akalikata jina hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, akafuta ncha ya kalamu kwenye kidole, akasubiri.

"Haya. Jina lako nani?"

Nikamtajia. Langu, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye cheti changu cha ualimu. Nyuma yetu mtu alikuwa anajaribu tarumbeta, na Bibi akamwinulia mkono anyamaze. Kisha akanigeuzia sikio.

"Lirudie, mwanangu, taratibu," akasema. "Sijapata kulisikia."